Kabla ya mtego, tafuta tundu

Simu nyingi ninazopigiwa huanza na hesabu. "Fundi, juzi nimeua panya mmoja, jana wawili, na usiku huu nimewasikia tena darini." Msemaji ana fahari kidogo, kama mwindaji, ila sauti imechoka. Namuuliza swali moja: wanaingilia wapi? Hapo huwa kimya.

Kazi yangu ni kuondoa wadudu na panya majumbani, na kwa miaka yote hii sijaona nyumba iliyowamaliza panya kwa kuua peke yake. Panya jike hubeba mimba wiki tatu, huzaa watoto watano hadi wanane kwa mkupuo, na hao watoto wakifikisha wiki sita hivi nao wako tayari kuzaa. Mtego mmoja nyuma ya jiko haushindani na hesabu hiyo. Ukiua bila kuziba, unawapisha tu wengine wahamie.

Tuelewane kwanza ninamzungumzia nani. Kiswahili kinatumia neno lilelile, panya, kwa yule mdogo anayeenea kiganjani na kwa yule mkubwa wa mitaroni. Kwangu hawa ni kazi mbili tofauti. Mkubwa huogopa vitu vigeni. Ukimwekea mtego leo, anaweza kuupita pembeni siku kadhaa. Mdogo ni mdaku. Kitu kipya kikitokea njiani kwake, usiku huohuo atakwenda kukichungulia. Kama hujawaona, mavi yatakuambia ni nani. Ya mdogo yana urefu wa milimita 3 hadi 6, yamechongoka ncha, ukitupa jicho haraka utadhani ni punje za mchele zilizoungua. Ya mkubwa huzidi sentimita moja. Na usizimie ukikuta kabati limetapakaa: panya mdogo mmoja huangusha 50 hadi 80 kwa siku, kwa hiyo pengine unao wawili tu. Haya ninayoyaeleza yanamhusu huyo mdogo.

Siku ya kwanza siweki mtego wowote. Naingia na tochi, kioo kidogo cha mkononi na penseli. Penseli ndiyo kipimo changu: tundu linalopitisha penseli linampitisha na panya. Watu hubisha mpaka waone kwa macho. Kichwa chake kikishapita, kiwiliwili hujibana kikafuata.

Kuna nyumba niliyoitwa ambako mama mwenye nyumba alikuwa ameuwekea mlango wa nyuma mpira chini, kazi safi kabisa, na bado panya walikuwa wanalala kwenye droo ya vitambaa. Nikaomba tusogeze jiko. Nyuma yake bomba la maji lilikuwa limepita ukutani kwenye shimo kubwa kuliko bomba lenyewe, kama wafanyavyo mafundi bomba wengi (wanisamehe). Ukingo wa shimo upande mmoja ulikuwa na weusi unaong'aa, mfano wa kola ya shati lililovaliwa wiki nzima. Yale ni mafuta ya manyoya. Panya hupita palepale kila usiku hadi saruji ikang'aa. Nikasogeza tochi karibu, nikaona unywele mmoja wa kijivu umenasa. "Mama, mlango wao ni huu," nikamwambia. Akainama, akachungulia, kisha akaanza kuhesabu mabomba mengine ya nyumba kwa vidole.

Alikuwa amekwisha kuelewa. Fuata kila kitu kinachotoboa ukuta: mabomba, nyaya za umeme, matundu ya hewa, pale paa linapokutana na ukuta. Usidharau sehemu za juu, maana ukuta wenye mikwaruzo panya anaupanda kama ngazi. Tundu dogo lishindilie stilwaya, ile nyuzinyuzi ya chuma ya kusugulia sufuria, kisha ufunike kwa saruji au silikoni. Povu la kuzibia likiwa peke yake ni kama mkate tu. Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, na kutafuna ndiko kunakoyapunguza. Matundu ya hewa usiyazibe, nyumba inahitaji kupumua. Yawekee wavu wa chuma wenye macho madogo kuliko milimita 6.

Ukishaziba, waliobaki ndani ndio wa kutegwa. Mimi ni mtu wa mtego wa springi, ule wa kibao na waya, ambao William Hooker aliupatia hataza Marekani mwaka 1894. Unafanya kazi kwa kasi, na maiti unaiona. Wengi wanauweka vibaya. Panya hakatizi katikati ya chumba. Huambaa na ukuta, masharubu yakigusagusa. Kwa hiyo mtego ukutane na ukuta kama herufi T, upande wa chambo ukigusa ukuta. Chambo kiwe kidogo, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, tena kiwe cha kunata. Siagi ya karanga ni nzuri. Jibini ni mambo ya katuni. Panya akila chambo bila kunaswa, ujue ulimwekea kingi mno. Na kama chakula kimezagaa, jaribu kufunga kipande cha pamba au uzi, kwa sababu jike anayetengeneza kiota anautafuta huo kuliko chakula.

Tena iwe mitego mingi. Panya mdogo haendi mbali na kiota chake, mara nyingi ni mita 3 hadi 10 tu, kwa hiyo mtego wa sebuleni haumhusu aliye jikoni. Mitego kumi usiku mmoja, mita mbilimbili, inashinda mtego mmoja kwa siku kumi. Udaku wao ndio unaokusaidia: usiku wa kwanza ndio wenye mavuno.

Sumu niliipenda nilipokuwa mgeni kazini. Nilitupa vidonge darini kwa mteja mmoja, nikaondoka nikijiona bingwa. Wiki iliyofuata akanipigia: nyumba inanuka, wageni wanakuja. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mnyama hafi papo hapo. Huchukua siku kadhaa, huku akirudi kujificha ndani ya ukuta au dari. Tulibandua mbao tatu mpaka tukampata. Mbaya zaidi ni kwamba paka au bundi akimla panya mwenye sumu mwilini, naye anaweza kudhurika. Siku hizi naitumia mara chache sana, ndani ya kisanduku kinachofungwa kwa ufunguo, na katika nyumba yenye watoto wadogo sitaki hata kuijadili.

Gundi siitumii. Mnyama hukaa amenasa saa nyingi akilia, na watoto wa nyumba wanamsikia. Vile vifaa vya kuchomeka kwenye umeme vinavyodaiwa kufukuza panya kwa sauti tusiyoisikia, okoa pesa yako. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuhusu madai hayo. Paka? Wengine ni wawindaji hodari, wengine nimewakuta wamelala huku panya anakula kwenye sahani yao.

Kuhusu chakula, panya mdogo anahitaji kama gramu 3 kwa siku, na huzikusanya kwa kudonoadonoa sehemu 20 au 30. Makombo yaliyo chini ya friji yanamtosha kabisa. Maji yasikuhangaishe, anaweza kuishi kwa unyevu wa chakula chenyewe. Vyakula vikavu vihamishie kwenye makopo ya chuma au ya kioo. Mfuko wa plastiki kwake ni karatasi.

Mavi usiyafagie makavu. Vumbi lake linaweza kubeba magonjwa, na ufagio ndio unaolirusha hadi puani. Vaa glavu, fungua madirisha, changanya sehemu moja ya klorini ya kufulia na sehemu tisa za maji, nyunyizia mpaka palowe, subiri dakika tano, ndipo ufute.

Kabla sijalipwa malipo ya mwisho, nanyunyiza poda ya mtoto, nyembamba sana, mbele ya kila tundu nililoziba na kando ya kuta walikokuwa wakipita. Asubuhi mwenye nyumba anamulika kwa tochi kutoka pembeni, maana mwanga wa juu hauonyeshi kitu. Yule mama alinitumia picha siku ya nne: vijinyayo vya vidole vinne, mkia ukiwa umechora mstari katikati, vikitoka chini ya kabati la vyombo. Tundu la kumi na moja. Sikuwa nimeliona.