Mdomo wa kasuku sio kucha, weka nelikata chini

Kuna kitu tunakiona sana kliniki, mtu anashuka kwenye bajaji na boksi la viatu, ndani kuna kasuku kajikunyata, mdomo umekatwa na nelikata au umesuguliwa na tupa ya fundi, na maelezo ni yaleyale, "dokta ulikuwa umerefuka nikaona niupunguze kidogo".

Mimi nahisi hili kosa linatokea kwa kuku. Watu wengi hapa Dar wamewahi kufuga kuku wa mayai, wanajua wanakatwa midomo ili wasidonoane, basi mtu akipata kasuku anaona ni mambo yaleyale. Sio yaleyale jamani (na hata kuku anaumia, ila hilo tuliache leo). Kuku anadonoa tu, kasuku mdomo ndo mkono wake, ndo anaopandia kwenye nyavu za tundu, ndo anaopasulia karanga na kujisafishia manyoya, na ule mdomo wake wa juu haujagandishwa kwenye fuvu, una kama bawaba, unapanda na kushuka, ndo maana akikung'ata unajuta.

Lile gamba gumu la nje ni keratini, kitu kilekile cha kucha zako, hapo uko sahihi. Ila chini ya gamba kuna mfupa, na kati ya gamba na mfupa kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, alafu pale kwenye ncha fahamu zimejaa zaidi maana ndo anapopapasia vitu. Kwahiyo ukikata ukapitiliza umekata kidole chenyewe. Gamba linaota muda wote toka kwenye shina lake karibu na uso, likibanduka kidogo kwa juu linajijaza lenyewe baada ya miezi kadhaa, na vile vijitabaka vinavyobanduka-banduka ni kawaida, usivibandue kwa kucha. Shina likiharibika au kipande cha mfupa kikitoka, hapo hakuna kuota tena.

Sasa mdomo kurefuka. Kasuku mwenye afya na mwenye vitu vya kutafuna anausugua mwenyewe, unabaki size yake. Ukiona unarefuka kila mara, unapinda, umekuwa laini au una madoa meusi kama damu iliyovilia, ujue ndani kuna tatizo, na mara nyingi ni ini. Na ini lenyewe linaharibiwa na sisi, ndege anakula mbegu za alizeti na karanga mwaka mzima, mafuta matupu, vitamini A hamna, kalsiam hamna, jioni anachovyewa mkate kwenye chai. Mwingine ana utitiri, hasa vile vikasuku vidogo vya rangi rangi, unaona pembeni ya mdomo na kuzunguka macho kuna ukoko kama sponji wenye vitundu, huo unatibika vizuri tu kwa dawa sahihi na dozi sahihi ya uzito wake, sio ile ya kuku unayokadiria kwa jicho. Na kasuku wa kijivu mdomo wake huwa na vumbi jeupe jeupe, watu wanalifuta wakidhani ni uchafu, kumbe ndo dalili nzuri. Ukiona mdomo umekuwa mweusi unang'aa kama kiatu cha polisi na manyoya yanaota vibaya, mlete, kuna kirusi kinafanya hivo na kinaambukiza ndege wenzake.

Ajali za hapa mjini nazijua kwa moyo. Pangaboi, kioo cha dirisha, paka wa jirani, mbwa, na kasuku wawili waliowekwa tundu moja bila kuzoeana wakang'atana. Ikitokea, cha kwanza usimshike kifua. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, anapumua kwa kusukuma kifua nje na ndani, ukimbana hapo anakufa mkononi huku unamwonea huruma. Mzungushie taulo jepesi, shika kichwa taratibu, bonyeza panapotoka damu na kitambaa safi kwa dakika kadhaa, ukiwa na unga wa mahindi au wa ngano weka kidogo juu ya gamba lililovunjika ila sio ndani ya kidonda kilichofunguka, na sio puani. Damu usiidharau. Ndege ana damu karibu asilimia 10 ya uzito wake, yule lavubedi, kasuku mdogo wa gramu 50, ana kama mililita 5, yaani damu yote ya mwili wake ni kijiko kimoja cha chai. Matone unayoyaona sakafuni kwake ni mengi sana.

Supagluu hapana. Nakuta mtu kaunganisha mdomo na supagluu na ameziba hadi tundu la pua. Diklofenaki yako ya mgongo pia hapana, hiyo dawa ndo ilikaribia kumaliza tumbusi kule India na Pakistan kwa kula tu mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, figo zikafa. Na kama ni paka amemng'ata, hata ukiona katundu kadogo tu kasikotoa damu, usisubiri kesho, mate ya paka yana bakteria wanaoua ndege haraka na anahitaji antibayotiki siku hiyohiyo.

Muweke kwenye boksi lenye matundu, giza kidogo, mbali na feni na AC, na usimwache kwenye gari juani. Mpe vitu laini, papai, boga au viazi lishe vya kuchemsha vilivyopondwa, yai la kuchemsha. Parachichi kamwe, ni sumu kwao. Usimmiminie uji mdomoni kwa nguvu maana unaingia kwenye mapafu. Asipokula siku nzima hiyo ni dharura, na njia ya kujua ni mizani ya jikoni ya gramu, sio macho, ndege anaficha ugonjwa mpaka dakika ya mwisho.

Gharama ya kuzuia haya yote ni ndogo, muombe muuza madafu makumbi anayotupa, mkatie matawi ya mpera, tafuta ule mfupa mweupe mwepesi wa dome (ndugu yake ngisi) unaookotwa ufukweni Kigamboni, uoshe, uanike, mtundikie. Mchicha, karoti, embe kila siku, alizeti iwe zawadi. Na tundu la waya wa mabati uliochomelewa mtaani liangalie vizuri, anautafuna na zinki inamdhuru.

Wengine wanachelewa kuja kwa kuogopa kuulizwa kibali. Ni kweli ndege wa porini anahitaji kibali, na kasuku wa kijivu biashara yake ya kimataifa ilibanwa sana na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, toka Januari 2017, ila ndege akivuja damu tunaanza na damu. Kama uko mbali na daktari wa ndege anza na daktari wa mifugo wa wilaya yako, mwambie kabisa kwenye simu ni kasuku sio kuku, wakishindwa kuna hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Midomo iliyopasuka wakati mwingine tunaijaza na akriliki ileile ya madaktari wa meno ikashika wakati gamba linaota.

Na kile kipande kilichovunjika ukikiona chini usikitupe, kifunge kwenye kitambaa uje nacho, mara nyingi hakirudishwi ila kinatuonyesha kama limetoka gamba tu au limeondoka na mfupa.