Kivinjari cha bure hulipwa na nani?

Katika mafunzo ya kidijitali tunayotoa hapa Kisumu, wenye maduka na wanafunzi huuliza swali moja: vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome, Firefox na Opera Mini, hatuzilipii hata shilingi, sasa waliozitengeneza wanakula nini?

Pesa iko kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Mkulima wa Mumias akiandika "mbegu bora za mahindi", maneno yake huenda kwenye injini ya utafutaji, yaani huduma ya kutafuta kurasa kama Google, na papo hapo kompyuta huendesha mnada kati ya wauzaji wanaotaka kuonekana juu ya majibu. Akibofya tangazo, muuzaji hulipa. Sehemu ya malipo hayo humfikia mwenye kivinjari, kwa sababu ndiye aliyemleta mteja.

Biashara hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, ilibainika kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini inayotumika yenyewe, mtu asipochagua nyingine, katika Safari, kivinjari cha Apple. Hakuna anayetoa fedha hizo bila kujua kwamba wengi wetu hatugusi mipangilio ya simu. Agosti 2024 jaji wa kesi hiyo, Amit Mehta, aliamua kuwa Google ilivunja sheria kwa kulinda ukiritimba wake. Firefox nayo, ingawa inashindana na Chrome, hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwa mkataba na hiyo hiyo Google. Chrome ni mali ya Google yenyewe, kwa hiyo wateja wake hawapitii kwa mtu wa kati.

Opera Mini hupendwa huku kwetu kwa kuokoa bando. Huokoa kwa kupitisha kurasa kwenye mitambo ya kampuni ili zipunguzwe uzito kabla hazijafika kwako. Na mapato hutoka kwa utafutaji na matangazo, yakiwemo yanayochanganywa na habari za ukurasa wa mwanzo.

Hali fiche (incognito) haibadilishi biashara hii. Huzuia tu historia ya kurasa ulizofungua isibaki kwenye simu yako. Tovuti unazotembelea bado zinaweza kukutambua. Kubadilisha injini kunawezekana: fungua mipangilio ya kivinjari, ingia sehemu ya injini ya utafutaji, uchague nyingine.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mikopo. Mzazi aliyebanwa na karo huandika "mkopo wa haraka" usiku, akabofya jina la kwanza akidhani limewekwa juu kwa kuaminika. Huenda limewekwa juu kwa sababu limelipiwa. Kabla ya kuandika nambari ya kitambulisho popote, tazama tovuti ya Benki Kuu ya Kenya, ambako kuna orodha ya watoaji mikopo ya kidijitali wenye leseni. Jina lisipokuwemo, usiwape kitambulisho chako.