Hoja ya Mkaguzi si hukumu ya wizi

Hapa Lamu, ripoti ya ukaguzi wa fedha za korona ikitajwa barazani, utasikia: "Zimeliwa! Mbona hawafungwi?" Mkaguzi Mkuu hafungi mtu. Kifungu cha 229 cha Katiba ya Kenya kinamtaka akague hesabu ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, 30 Juni, kisha apeleke ripoti Bungeni au bunge la kaunti. Akiandika kuwa malipo ya barakoa hayana stakabadhi, huenda pesa zimeibwa, huenda karatasi zimepotea (udhuru uliochakaa, kwa maoni yangu). Uchunguzi ni wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Wawakilishi wadi nao wana miezi 3 tu kuijadili ripoti na kuchukua hatua, waulizeni hao.