Je, wajua gari ya zamani ikikataa kuwaka utajuaje kama ni pampu ya mafuta?

Stata inazunguka vizuri, betri iko sawa, lakini injini haishiki. Ukiwa hapa Malindi na gari imefanya hivyo, kabla hata boneti haijafunguliwa kuna mtu atakwambia pampu imekufa nunua ingine. Inaweza kuwa kweli, lakini mimi naona pampu iwe kitu cha mwisho kununua, kwa sababu pampu nyingi zinazolaumiwa ni nzima, ila umeme tu ndio hauzifikii.

Cha kwanza, cheki moto wa plagi, yaani ile cheche inayowasha mafuta. Moto ukiwepo, endelea na mafuta. Lakini ukikosa moto na mafuta vyote pamoja kwenye gari ya injekta (ile inayopuliza mafuta kwa amri ya kompyuta), achana na pampu kabisa, tafuta sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta injini inazunguka) au distribyuta (inayogawa moto kwa plagi), maana kompyuta isipoona injini inazunguka haitoi moto na pampu pia inaizima.

Halafu ujue pampu yako ni ya aina gani. Gari za kabureta (zinazochanganya mafuta na hewa bila kompyuta) kama Peugeot 504 au zile pikapu za Datsun, pampu iko ubavuni mwa injini, inasukumwa na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu za injini, haina waya hata mmoja. Ndani yake mna mpira mwembamba, ukipasuka petroli inavuja nje ama inashuka kwenye oili, kwa hivyo chomoa kijiti cha oili unuse. Kuipima ni rahisi: toa waya wa koili gari isiwake, chomoa paipu inayokwenda kabureta uielekeze kwenye chupa, mtu apige stata. Mafuta yaruke kwa mapigo yenye nguvu, yakidondoka tu ama yakikosa kabisa basi ni pampu au njia imeziba. Na sigara iwe mbali jamani, mbali kabisa.

Gari za injekta, tuseme Corolla za miaka ya 1990, pampu ni mota ndogo ya umeme iliyozama ndani ya tenki. Watu husema washa ufunguo usikilize nyuma, utasikia mvumo wa sekunde 2 au 3 kisha kimya. Ni sawa kwa gari nyingi, lakini Toyota nyingi za zamani hazivumi mpaka stata izunguke, kwa hivyo kimya peke yake si ushahidi. Kwenye hizo Toyota angalia chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, unaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya, ufunguo uwe ON. Pampu ikivuma hapo na ikikataa ukipiga stata, basi ni nzima, shida ni rilei (swichi ya umeme inayoiwasha) au waya za kuiamrisha.

Ikibaki kimya, cheki fyuzi, kisha inua siti ya nyuma, kwa gari nyingi soketi ya pampu iko hapo, upime umeme. Hapa ndipo wengi wanapotea. Taa ya tesita haitoshi, kwa sababu waya ulioliwa na kutu unaweza kuwasha taa ndogo lakini ukashindwa kuzungusha mota. Tumia mita, pampu ikiwa imeunganishwa, na upime athi pia, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Sisi tunaokaa na upepo wa chumvi tunajua vile nati ya athi inavyooza na shaba ya waya inavyogeuka kijani, unaikwangua kwa msasa na gari inawaka bila kununua chochote. Volti zikifika karibu 12 na athi ni safi na bado kimya, hapo sasa ni pampu. Gonga tenki kwa chini kwa nyundo ya mpira huku mtu anapiga stata, ikiwaka ujue brashi za mota zimekwisha, nenda moja kwa moja kwa fundi usizime njiani.

Pia kuvuma si kusukuma. Filta ikiziba pampu inalia na injini haipati kitu, kwa hivyo pima kwa geji ya presha, injekta nyingi za zamani zinataka kama bar 2.5 mpaka 3.5.

Na kuna ile gari inazima jua kali kabla ya Kilifi, ikipoa inawaka kama haikuwa na kitu. Mota iliyochoka hufanya hivyo ikipata joto, na kinachoipoza ni petroli yenyewe iliyoizunguka, sasa wewe unayetia ya mia tano kila siku tenki likiwa karibu kukauka, pampu yako inafanya kazi bila maji ya kuoga.

Ukifika kubadilisha, badilisha na ile soksi ya chujio iliyo chini ya pampu, na umulike tenki ndani kwa tochi ya betri. Kama mna kutu au matope lioshwe kwanza, la sivyo pampu mpya itaziba vilevile.