Kabla hujaingia nyikani peke yako na pikipiki: PLB (kifaa cha kuomba uokoaji), usajili wake na mtu wa kupigiwa simu

Joto likishuka hapa Australia, kuanzia Mei hivi, ndipo watu hutoka mijini kwenda nyikani, na ndipo simu za ofisini kwetu huongezeka. Kazi yangu ni elimu ya usalama katika ofisi inayoshughulika na utafutaji na uokoaji. Siku hizi napokea maswali kwa Kiswahili pia, kutoka kwa vijana wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania waliohamia huku, wenye pikipiki zao na hamu ya kuiona nchi. Hamu hiyo naielewa, wala makala haya hayalengi kumzuia mtu. Yanalenga wale watakaokwenda peke yao, kwa sababu mtu wa pikipiki akianguka mahali pasipo na mtu, hana mwenzake wa kumwinulia hata chupa ya maji.

Suala la simu lazima tulimalize kwanza, maana kila wiki naulizwa kama namba ya dharura 112 hufanya kazi hata pasipo mtandao. Haifanyi. Inachofanya, sawa na 000, namba ya dharura ya Australia, ni kupitia mnara wa kampuni yoyote ulio karibu hata kama si kampuni yako. Pasipo na mnara wowote, huna simu. Na nyikani hali ndiyo hiyo kwa mamia ya kilomita. Chukua Birdsville Track, kutoka Marree hadi Birdsville: kilomita 517, zaidi kidogo ya Mombasa hadi Nairobi. Njia nzima ina kituo kimoja cha mafuta, Mungerannie, takriban kilomita 204 kutoka Marree. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 300 nyingine kabla ya kuona pampu. Baadhi ya simu mpya zina ujumbe wa dharura wa setilaiti, na huduma hiyo ilianza Australia mwaka 2023 kwa wenye iPhone 14. Nenda nayo, ila usiifanye tegemeo pekee. Simu hupasuka kioo na chaji huisha.

Tunachosisitiza ni PLB, kile kifaa kidogo cha mkononi kinachorusha ishara ya kuomba uokoaji kwa setilaiti kwenye masafa ya 406 MHz. Ishara hufika kwenye kituo cha uratibu wa uokoaji cha AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini, kilichoko Canberra na kinachofanya kazi saa 24. Mamlaka ni ya baharini, lakini kituo hicho hupokea ishara za nchi kavu vilevile. Vile vifaa vya zamani vya 121.5 MHz pekee havina maana tena kwa kazi hii. Setilaiti ziliacha kuvisikiliza tarehe 1 Februari 2009. Ukiuziwa kimoja kwa bei ya kutupa, umenunua plastiki.

Sasa usajili, na hapa naomba usome polepole. Kila PLB ina namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 15, iliyochapishwa kwenye lebo yake. Namba hiyo unaisajili AMSA kwa mtandao, bila malipo, pamoja na jina lako, simu zako, watu wa kupigiwa wakati wa dharura, na maelezo ya chombo: aina ya pikipiki, rangi, namba ya usajili. Unaweza pia kuandika ratiba ya safari: unatoka wapi, unapita wapi, unatarajiwa lini. Usajili huhuishwa kila baada ya miaka 2. Ukihama nyumba au ukibadilisha namba ya simu, ingia urekebishe siku hiyohiyo. Ukinunua kifaa cha mtu, muuzaji aiarifu AMSA nawe usajili upya kwa jina lako. Ukinunua nje ya nchi, jua kwamba ndani yake kuna msimbo wa nchi: 503 ni Australia, 634 ni Kenya. Kifaa chenye msimbo wa nchi nyingine hakisajiliwi hapa mpaka fundi aliyeidhinishwa akipange upya. Usajili si hiari, ni sharti la kisheria la kumiliki kifaa hiki, na "nitafanya nikirudi" ni jibu nisilotaka kulisikia tena.

Nieleze kwa nini tunang'ang'ania hili. Usiku mmoja, baada ya ishara ya PLB kupokelewa, niliombwa niongee na mzee mmoja aliyeko nyumbani Afrika, kwa sababu ndiye aliyeandikwa kuwa mtu wa dharura wa kijana wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamuuliza mwanawe amesafiri kuelekea wapi. Akasema, "Mwanangu yuko Australia." Nikamuuliza kuhusu pikipiki. Mzee hakujua kama mwanawe ana pikipiki. Kifaa chenyewe hakikuwa na GPS, na cha namna hiyo huonyesha mahali ndani ya nusu kipenyo cha kilomita 5, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 78 la vichaka na mchanga mwekundu. Chenye GPS huonyesha ndani ya mita zipatazo 120. Kijana alipatikana, mguu umevunjika chini ya pikipiki. Rubani aliruka bila kujua kama anatafuta gari, pikipiki au mtu wa miguu, na saa zilizopotea zilikuwa saa za maumivu ya mtu.

Kwa hiyo nunua chenye GPS, na uandike watu wawili au zaidi wanaoijua njia yako, rangi ya pikipiki na maradhi uliyo nayo, na ambao hupokea simu ya namba wasiyoijua hata saa 9 usiku. Mzazi aliyeko Kigoma au Bukavu mpe heshima yake kwa njia nyingine. Kwenye fomu andika rafiki aliyeiona ramani.

Kwa mwendesha pikipiki nina sharti moja la ziada: PLB ikae mwilini. Wengi huifunga kwenye mabegi ya pembeni pamoja na hema. Ukianguka kwenye vumbi laini kama unga lililofunika shimo, pikipiki inaweza kuishia mita 20 kutoka ulipo wewe, nawe huwezi kutambaa. Iweke kwenye mfuko wa kifuani wa jaketi, uzoee kuitoa kwa mkono wowote.

Ukiiwasha, simamisha antena, elekeza kifaa kwenye anga wazi, na usizime mpaka waokoaji wakuambie. Betri hurusha ishara kwa saa zisizopungua 24. Kisha kaa na pikipiki yako. Desemba 1963 familia ya watu 5, wahamiaji kutoka Uingereza, iliishiwa petroli karibu na Birdsville Track, ikaliacha gari na kwenda kutafuta maji. Wote walikufa. Chombo huonekana kutoka angani kirahisi kuliko mtu anayetembea.

Kuna wanaochelewa kuwasha kwa kuogopa bili, au kuogopa mambo ya viza. AMSA haimtozi mtu gharama za kumtafuta, na sisi tukipokea ishara hatuulizi viza ya mtu. Ambulensi ni suala la kila jimbo na la bima yako, soma mkataba kabla ya safari. Kinachoadhibiwa ni kuwasha kwa makusudi bila dharura. Ikiwaka kwa bahati mbaya, izime na upige 1800 641 792 papo hapo useme ukweli. Hakuna adhabu kwa bahati mbaya iliyoripotiwa.

Vibali sitavieleza kwa kirefu, maana kila ofisi ina maelekezo yake. Great Central Road, kilomita zipatazo 1,100 kutoka Laverton kuelekea Uluru, hupita kwenye ardhi ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii: kibali kimoja cha upande wa Australia Magharibi, kingine cha Northern Territory kutoka Central Land Council. Kibali cha kupita si ruhusa ya kuiacha barabara. Jangwa la Simpson upande wa Australia Kusini hufungwa kila mwaka 1 Desemba hadi 15 Machi kwa sababu ya joto, na kufungwa maana yake ni kufungwa hata kwa magurudumu mawili.

Mwisho, vifaa vilivyoisha muda. PLB iliyotupwa kwenye pipa huweza kujiwasha, na waokoaji hulazimika kuifuata mpaka jalalani, wakipekua takataka na kipokezi cha ishara mkononi, wakati huenda kuna mtu wa kweli anasubiri kwingine. Ipeleke kwenye duka la betri linalopokea vifaa hivi, kisha ingia kwenye akaunti yako ya AMSA uandike kwamba umeiondoa matumizini.