Taharuki ni ya wengine siku zote

Dodoso langu la kwanza la mahojiano na manusura wa maafa lilikuwa na swali la saba lililouliza: "Je, kulikuwa na taharuki?" Nililiona swali zuri, fupi, la kujibiwa ndiyo au hapana. Karibu kila niliyemuuliza alijibu ndiyo, tena ndiyo ya nguvu. "Wee! Watu walichanganyikiwa kabisa." Nikatia alama kwenye kisanduku, nikaenda swali la nane.

Swali la nane ndilo lililonivuruga. Lilisema tu: "Wewe mwenyewe ulifanya nini?" Mama mmoja aliyenusurika moto kwenye jengo la ghorofa, ambaye dakika moja nyuma alikuwa ameniambia watu walikuwa kama wendawazimu, alianza kuhesabu kwa vidole. Alisimama. Akamuuliza jirani kama naye anasikia harufu ya moshi. Akarudi kuchukua mkoba. Kwenye ngazi akamkuta mzee anashuka polepole, akamshika mkono wakashuka pamoja. Nikamuuliza: na hao waliokuwa nyuma yenu, hawakuwasukuma? "Hapana, walisubiri. Wangefanyaje, na yule mzee wa watu?" Basi waliochanganyikiwa ni akina nani? Akafikiri kidogo. "Labda wa ngazi za upande wa pili."

Nilipowafikia wa ngazi za upande wa pili, nao wakaniambia taharuki ilikuwa upande wa huyu mama.

Sikuwa nimegundua jambo jipya, ingawa nilitembea wiki nzima nikijiona nimegundua. Enrico Quarantelli, mmoja wa waasisi wa sosholojia ya majanga, alianza miaka ya 1950 kuisaka taharuki kwenye mahojiano ya watu waliopitia maafa, akakuta mifano yake ni haba mno. Mwaka 1963 yeye na Russell Dynes na J. Eugene Haas walianzisha kituo cha utafiti wa majanga katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ambacho baadaye kilihamia Delaware. Mamia ya safari zao za utafiti zilirudi na picha ileile: watu huogopa, naam, lakini mtu mwenye hofu bado anafikiri, anaulizana na wenzake, anamtafuta wa kwake, anamsaidia asiyemjua. London, Julai 7, 2005, mabomu yaliua watu 52 kwenye treni za chini ya ardhi na basi. Watafiti wakiongozwa na John Drury waliwahoji manusura na kupitia ushahidi wao, wakakuta simulizi nyingi za kugawana maji, kufungana majeraha na kupishana kwa zamu gizani. Wengi wa hao hao walitumia neno "taharuki" walipoieleza hali ilivyokuwa.

Kwa hiyo neno hili halituelezi watu walifanya nini. Linatueleza jinsi walivyojisikia, na mara nyingine linatumika kumtafuta wa kulaumiwa.

Tukio ninalolifundisha kila mwaka ni la Kentucky, Marekani, Mei 28, 1977, katika ukumbi wa starehe ulioitwa Beverly Hills Supper Club. Ukumbi mkubwa wa burudani ulikuwa umejaa kupita kiasi, wachekeshaji wawili wako jukwaani. Moto ulikuwa umeshaanza kwenye chumba kingine kidogo, na wafanyakazi walikuwa wameshauona na kujaribu kuuzima. Jengo halikuwa na kengele ya kuwaamsha watu wala mfumo wa kunyunyizia maji. Kijana wa miaka 18, Walter Bailey, aliyekuwa na kazi ya kuondoa vyombo mezani, alipita katikati ya watu, akapanda jukwaani bila kungoja idhini ya mtu, akachukua kipaza sauti. Akawaonyesha milango ilipo, akawaambia kuna moto upande mwingine wa jengo, tokeni.

Hebu jiweke kwenye kiti cha mtazamaji. Umelipa kiingilio, unacheka, mara kijana mwenye sare ya mhudumu anasimama na kusema kuna moto. Wapo waliodhani ni sehemu ya vichekesho. Wapo waliobaki wameketi na glasi zao. Wengi waliinuka na kutoka kwa utaratibu, na ni kwa sababu ya kijana huyo idadi ya waliopona ni kubwa kiasi kile. Dakika chache baadaye moshi uliingia, na taa zikazimika. Walikufa watu 165. Norris Johnson, aliyechambua maelezo ya manusura, hakuona umati wa watu wanaokanyaga wenzao ili kujiokoa. Aliona watu wanaokwenda na waume zao, wake zao na wenzao wa mezani, na wanaosaidiana hata pale msongamano ulipokuwa mkali. Kilichoua ni moshi, milango michache, idadi ya watu iliyozidi uwezo wa ukumbi, na zile dakika ambazo wenye habari walikuwa nayo peke yao.

Ucheleweshaji huu ndio tatizo letu halisi. Binadamu akipata ishara moja ya hatari haamini mara moja. Anageuka kumtazama mwenzake. Anauliza, "Na wewe umesikia?" Septemba 11, 2001, katika majengo pacha ya New York, wapo waliofunga kompyuta zao vizuri, wakapiga simu, wakachukua mabegi, ndipo wakaanza kushuka. Waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa walitoka salama kwa zaidi ya asilimia 99, kwa ngazi, kwa mstari, wakiwapisha wazima moto waliokuwa wakipanda. Aliyepanga mipango yake akiogopa kwamba watu watakurupuka amejiandaa kwa tatizo lisilokuwepo, na lile lililopo, la watu kuzubaa, hana dawa yake.

Sasa niseme kuhusu neno lingine linalonikera: "kukanyagana". Kila watu wanapokufa kwenye msongamano, habari zinaandikwa kwamba wamekufa "kwa kukanyagana". Ukilisoma tu tayari umeshajua mkosaji ni nani: wao kwa wao. Lakini mwili wa aliyekufa kwenye msongamano mara nyingi hauna alama ya kiatu. Amekufa wima. Watu wakizidi sita au saba kwenye mita moja ya mraba, hakuna tena anayetembea kwa hiari yake. Umati unasogea kama maji, wimbi linatoka nyuma kuja mbele, na kifua kilichobanwa pande zote hakina nafasi ya kupanuka. Mtu anakosa pumzi. Aliye nyuma, mita thelathini kutoka hapo, haoni chochote na anasogea hatua moja mbele kwa sababu ameona mwanya. Huyo hajamkanyaga mtu wala hana taharuki. Anachokosa ni habari tu.

Uwanja wa soka wa Hillsborough, Uingereza, Aprili 15, 1989, ndivyo ilivyokuwa. Polisi waliamuru lango kubwa lifunguliwe ili kupunguza msongamano nje ya uwanja, lakini hakuna aliyeziba njia iliyoelekea kwenye vizimba vya katikati, ambavyo vilikuwa vimeshafurika. Siku hiyohiyo polisi walidai mashabiki ndio waliolivunja lango. Waliokufa kutokana na siku ile ni 97, na ilichukua hadi 2016 kwa baraza la wazee wa mahakama kutamka kwamba 96 kati yao waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27 familia zikibishana na dai hilo moja tu.

Kuna tukio la zamani zaidi ambalo hata wanafunzi wangu hawalijui. Bethnal Green, London, Machi 3, 1943, wakati wa vita. King'ora kimelia, watu wanashuka ngazi kwenda kujificha kituo cha treni cha chini ya ardhi. Mwanamke mmoja alijikwaa karibu na ngazi za mwisho. Gizani, kwenye ngazi zisizo na kishikio cha katikati na taa moja hafifu, waliomfuata wakaangukiana. Walikufa 173, wakiwemo watoto 62, na usiku huo hakuna bomu lililoanguka pale. Ikasemwa ni taharuki. Kumbe tangu 1941 halmashauri ya eneo hilo ilikuwa imeomba kibali cha kurekebisha mlango huohuo, ikanyimwa. Gharama ya kishikio cha ngazi ni ndogo kuliko ya kumlaumu marehemu, ila ya pili hailipwi na aliyenyima kibali.

Watafiti wawili, Lee Clarke na Caron Chess, waliandika mwaka 2008 kuhusu taharuki ya watawala. Walisema tuangalie pande tatu: viongozi wanaoogopa kwamba wananchi watataharuki, viongozi wanaosababisha taharuki, na viongozi wanaotaharuki wao wenyewe. Kwenye vikao nilivyokaa, ni upande wa kwanza ninaokutana nao karibu kila mara, na ndio unaoua watu kimyakimya.

Fukushima, Japani, Machi 2011, kinu cha nyuklia kilipopata ajali, serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kukadiria mionzi itapelekwa wapi na upepo. Makadirio hayakutolewa kwa wananchi siku za mwanzo. Wakazi wa mji wa Namie wakahama kuelekea Tsushima, upande wa kaskazini-magharibi, wakiamini wanakwenda mbali na hatari, kumbe ndiko upepo ulikokuwa ukielekea. Walikaa huko siku kadhaa. Baadaye afisa wa juu wa serikali alikiri kwamba kuogopa kuzua taharuki kulichangia kuficha makadirio yale.

Monrovia, Liberia, Agosti 2014, ugonjwa wa Ebola ukienea, serikali iliufungia mtaa wa West Point, wenye makumi ya maelfu ya watu, usiku kwa usiku, kwa askari na seng'enge. Watu waliamka wakajikuta ndani ya uzio, hawajaambiwa chakula kitatoka wapi. Wakatoka kudai, askari wakapiga risasi, kijana mmoja akafa. Karantini ile iliondolewa baada ya siku 10. Ukiwafungia watu bila neno halafu wakapiga kelele, hilo haliitwi taharuki, hilo ni jibu. Kilichosaidia Liberia kilikuwa kazi ya wakazi wenyewe kupita nyumba kwa nyumba kuulizia wagonjwa, na timu za mazishi zilizoanza kuwaruhusu ndugu kusimama kwa umbali salama na kumwombea maiti wao.

Mtu atanijibu: mbona kuna wakati watu hukimbia kweli, bila hata kuambiwa? Ndiyo. Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, Machi 1979, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia: gavana alishauri wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya kilomita 8 za kinu hicho waondoke. Hao walikuwa maelfu machache tu. Walioondoka walikadiriwa kufika 144,000. Huo ndio mfano ninaorushiwa kila nikitoa mada. Lakini tazama walivyoondoka: kwa magari yao, kwa familia, kwenda kwa ndugu. Na tazama walichokuwa wamekisikia siku mbili zilizotangulia: kampuni inasema hivi, serikali inasema vile, redio inasema lingine. Mzazi anayesikia kwamba hewa ni hatari kwa mtoto wa jirani mwenye miaka minne, halafu anaambiwa ni salama kwa wake mwenye miaka saba, akifunga mizigo sioni wazimu hapo.

Dennis Mileti, aliyetumia maisha yake kuchunguza matangazo ya tahadhari, alionyesha kwamba tangazo linalofanya kazi linataja anayesema, hatari ni ipi, iko wapi, mtu afanye nini, na kwa muda gani. Kisha lirudiwe, tena kwa vinywa zaidi ya kimoja, kwa sababu watu lazima waulizane kabla ya kuondoka. Ukitoa tangazo mara moja ukanyamaza, wataulizana bila wewe.

Niliwahi kuitwa kupitia tangazo la idara moja ambayo sitaitaja. Maji ya bomba yalikuwa yamekutwa na vijidudu vya kuharisha. Rasimu ilisomeka: "Wananchi wanaombwa kuwa watulivu na kuepuka taharuki. Mamlaka husika zinalifuatilia suala hili kwa karibu." Basi. Neno maji lilikuwemo kwenye kichwa cha habari tu. Nikaomba kalamu. Tukaandika kwamba maji ya bomba si salama kunywa; chemsheni mpaka yatokote, hata ya kusukutua na ya mtoto; chanzo bado hatujakijua; tutatangaza tena leo saa 12 jioni. Mkuu mmoja aliganda kwenye "bado hatujakijua". Akaniuliza, hivi tukiwaambia hatujui, hawatataharuki? Tulibishana karibu saa nzima, na saa nzima hiyo watu walikuwa wakinywa yale maji. Mwishowe sentensi ilibaki, neno "taharuki" likafutwa. Saa 12 jioni simu zilipigwa nyingi, karibu zote zikiuliza kitu kimoja: tuchemshe kwa muda gani?

Swali la saba nalo nimelibadilisha. Sasa linauliza: "Ulijuaje, kutoka kwa nani, na ilikuwa saa ngapi?" Nilimrudia yule mama wa kwenye ngazi nikamuuliza hilo. Alijua kutoka kwa jirani, waliponusa moshi pamoja. Kisha nikamuuliza mlinzi wa jengo. Yeye alikuwa amejua robo saa kabla yao, akawa anasubiri ruhusa ya kutangaza.