Fomu ya mchezaji katika michezo ya umeneja wa kriketi

Katika michezo ya mtandaoni ya kuendesha timu ya kriketi, kama Battrick, fomu ni hali ya mchezaji kwa wakati huu: wiki hii atacheza kufikia uwezo wake, au chini yake? Isichanganywe na ujuzi. Ujuzi wa kupiga au kurusha mpira hujengwa polepole kwa mazoezi, msimu baada ya msimu. Fomu hupanda na kushuka ndani ya wiki chache, na ikishuka, sehemu ya ujuzi huo haionekani uwanjani. Ndiyo maana mpigaji hodari aliyefifia huweza kuzidiwa na wa kawaida aliye moto.

Mfano unaojulikana zaidi umetoka kwenye soka: Hattrick, mchezo ulioanzia Sweden mwaka 1997. Humo fomu ina ngazi 8 na hubadilika kila wiki. Nyuma ya ngazi unayoiona ipo nyingine iliyofichwa, nayo ndiyo inayoivuta ile ya mbele juu au chini. Uchovu ni habari nyingine, ingawa mameneja wengi huvichanganya viwili hivi.

Kosa kubwa ni kuisoma fomu kwenye matokeo ya mechi mbili tatu. Katika kriketi mpira mmoja unatosha kumtoa mpigaji, kwa hiyo kutoka bila mkimbio (alama ya kriketi) hata mmoja mara mbili mfululizo huenda ikawa bahati mbaya tu. Mrushaji hukupa ushahidi zaidi: mechi ya ova 50 (ova moja ni mipira sita) humruhusu hadi ova 10, yaani mipira halali 60. Wapigaji wakimchapa mikimbio mingi katika mechi kadhaa, hapo una sababu ya kuuliza.

Hata nje ya kompyuta mambo huwa hivyo. Kuanzia Novemba 2019, mpigaji Virat Kohli wa India alikaa karibu miaka mitatu bila kufikisha mikimbio 100 katika mechi yoyote ya kimataifa. Aliendelea kupangwa. Tarehe 8 Septemba 2022, huko Dubai, akapiga 122 dhidi ya Afghanistan bila kutolewa. Meneja wa mtandaoni angekuwa ameshamuuza zamani, tena kwa bei ya kutupa.

Na huko sokoni ndiko fomu inakoleta faida. Wauzaji huingiwa na hofu ngazi ikishuka, nawe ukitazama kwanza ujuzi na umri, fomu mwisho, utampata kijana mzuri kwa bei nafuu. Fomu yake inaweza kurudi baada ya wiki kadhaa. Ujuzi ungekugharimu misimu ya mazoezi. Ila kama fainali ya kombe ni Jumamosi hii, mweke benchi, umpange aliye kwenye fomu.